Mwacheni Mtafsiri Aongee

Kuna sentensi ninayoisikia kila wanapokutana watu wanaojiita mashabiki wa kweli wa filamu: "Mimi siangalii muvi iliyotafsiriwa." Husemwa kwa sauti ileile ambayo mtu hutumia kusema hali ugali wa muhogo, kwamba yeye ameshavuka hatua hiyo. Wanaisema wanafunzi wenzangu wa shahada ya uzamili. Wanaisema vijana wanaopanga foleni kwenye majumba ya sinema ya Dar es Salaam usiku wa kwanza wa kila filamu ya Marvel. Anaisema hata mtu aliyezaliwa Mbinga na kukaa mjini miaka mitatu tu.

Nataka kuijibu. Dai langu ni hili: filamu za anga na filamu za mashujaa, zile za himaya, sayari, nguo za kubana na watu wanaoruka, kwetu hukamilika zinapopita kinywani mwa mtafsiri wa Kiswahili. Anayemdharau mtafsiri hazijui filamu hizo vizuri kama anavyodhani.

Mimi ni shabiki, na sitetei kila kitu. Nimeziangalia Star Wars zote, hata zile tatu za 1999 hadi 2005 ambazo ni desturi kuzitukana. Bora kuliko zote ni The Empire Strikes Back ya 1980, kwa sababu wema wanashindwa na filamu inaisha bila kuwapangusa machozi. Kwa upande wa mashujaa, Infinity War ya 2018 inaipita Endgame ya 2019 kwa mbali. Endgame ni sherehe ya kuagana, na sherehe huwa na hotuba nyingi. Infinity War ilithubutu kuvunja sheria ya kwanza ya kibanda chochote cha video Tanzania: steringi hafi. Ilimuua Spider-Man, ikamuua Black Panther akiwa katika ardhi yake mwenyewe, kisha ikawasha taa. Tangu hapo, filamu nyingi za Marvel zimekuwa ni viporo vilivyopashwa moto.

Lakini ubishi wangu na "mashabiki wa kweli" hauhusu filamu ipi ni bora. Unahusu nani anahesabiwa kuwa mtazamaji.

Mbamba Bay, kwetu, iko mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Ilikuwa sehemu ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Hakuna jumba la sinema. Kuna vibanda umiza: ukuta wa matofali ya kuchoma au wa mabanzi, paa la bati, mabenchi, televisheni moja, sabufa mbili, na nje ubao wenye ratiba ya chaki. Ratiba hiyo, mtu wa mjini asiyojua, hufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na ukitazama ziwa usiku kama huo utadhani kundi la nyota limeshuka kupumzika juu ya maji. Mwezi ukipevuka, mwanga wa taa haufui dafu mbele ya mwanga wa mwezi. Mitumbwi hulala ufukweni, na kibanda hujaa.

Nilipokuwa darasa la sita, mle ndani hapakuwa mahali pangu. Msichana akionekana kibandani usiku, habari zilifika nyumbani kabla yake. Kwa hiyo nilisikiliza. Kibanda kilikuwa nyuma ya nyumba ya shangazi, na mabanzi yake yalipitisha kila neno. Spider-Man ya 2002 niliisikia kabla sijaiona, mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilijua nani ameumwa na buibui, nani anampenda nani, na nani amejificha nyuma ya kinyago cha kijani. Yule mwizi ambaye Peter alimwachia njia aliporudi na kumuua mzee, mtafsiri alipunguza sauti ya filamu na kusema taratibu: "Ndiye yuleyule. Uliyemwacha apite." Kibanda kizima kilinyamaza. Hata mimi kule nje nilinyamaza, ingawa sikuwa nikiongea na mtu.

Fanya jaribio hilo kwa filamu ileile ikichezwa kwa Kiingereza. Kaa nyuma ya ukuta. Utasikia vioo vinavunjika na watu wanapiga kelele. Anayesema filamu za mashujaa ni ngumi na milipuko tu huwa anasema kweli kuhusu alichokisikia. Kuna mambo mengine ndani yake, lakini yamo kwenye maneno, na kwa wengi wetu maneno hayo hayakuwahi kufunguliwa.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Mtafsiri ni mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Anaishusha sauti ya filamu anapoongea na kuipandisha ngumi zinapoanza. Anakuwa steringi, mama wa steringi, jambazi na roboti. Anaeleza mji huu ni upi, nani ni nduguye nani, na kwa nini yule dada ameondoka mezani bila kuaga. Tanzania ilikuwa na Lufufu, ambaye jina lake pekee liliuza kanda. Kenya ina DJ Afro. Uganda wanaitwa ma-VJ, na VJ Emmie alipiga hatua moja zaidi: sauti yake imo ndani ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, filamu aliyoitengeneza Isaac Nabwana kule Wakaliga, Kampala, na bila sauti hiyo filamu ingepungua nusu. Mwanaanthropolojia Mjerumani Matthias Krings ameandika kwa kirefu kuhusu watafsiri wa Tanzania. Kwa hiyo chuo kikuu cha Ulaya kimeshawaona kuwa wasanii, wakati chuoni kwetu bado tunawaona kuwa wapiga kelele.

Chukua neno moja tu kutoka Spider-Man. Kiingereza kinasema yule mzee aliyeuawa ni "uncle" wa Peter, basi. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Ni mjomba? Ni baba mdogo? Ni baba mkubwa? Ili kusema neno moja, mtafsiri lazima ajue ukoo. Yule niliyemsikiliza alisema "baba mkubwa", na alikuwa sahihi: mzee Ben ni Parker kama Peter, yuko upande wa baba, na katika vitabu vya katuni ni kaka mkubwa wa baba yake. Sasa msiba umebadilika uzito. Kwetu baba mkubwa ni baba. Peter amempoteza baba kwa mara ya pili, na mara hii kwa uzembe wake. Ukiisoma kwa maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, unapoteza yote hayo, halafu unajisifu kwamba umeiona "filamu halisi".

Wapinzani wangu wana hoja tatu, nazo zinastahili majibu.

Hoja ya kwanza: filamu hizi zenyewe ni za kitoto, za nini kuzitafsiri? Kwenye mjadala mmoja wa darasani niliambiwa kwamba msomi wa fasihi ya Kiswahili anapaswa kuwa na mambo makubwa zaidi ya watu wanaovaa chupi juu ya suruali. Nikauliza kuhusu Fumo Liyongo. Mtu mwenye nguvu kuliko jeshi, hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Muhammad Kijumwa aliiandika hadithi hiyo kwa utenzi mwaka 1913, robo karne kabla Superman hajazaliwa, na simulizi zenyewe ni za kale zaidi. Tunaisoma, tunaifanyia mitihani, hakuna anayeiita ya kitoto. Kisha anakuja Luke Skywalker na baba yake aliyefunikwa kwa chuma, mwana anapewa nafasi ya kumuua baba, anakataa, na hapo tunaambiwa ni mambo ya watoto. Mtoto wa Liyongo alikubali, Luke akakataa. Kati ya majibu hayo mawili kuna swali moja la kale, na mtu aliyelelewa kwa Liyongo anaingia Star Wars akiwa tayari na nusu ya funguo. Anachokosa ni mtu wa kumtambia kwa lugha yake.

Akipewa, anafanya uhakiki ambao sijausikia kwenye semina yoyote. Kibanda kimoja cha kwetu kilipoonyesha Infinity War iliyotafsiriwa, watu walikataa kutoka. Walimtuhumu mwenye kibanda kwamba ameificha pati tuu ili awatoze kiingilio kipya kesho yake. Asubuhi nilikuwa na shangazi kwenye vichanja tukianika dagaa, na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu karibu nasi walikuwa bado wanabishana kuhusu Thanos, yule anayefuta nusu ya viumbe ili waliobaki wapate chakula cha kutosha.

"Ana hoja," alisema kijana mmoja. "Tungekuwa nusu hapa ziwani, dagaa wangetutosha."

Mzee mmoja akacheka bila kuinua macho. "Amefuta nusu ya watu peke yao? Kasema viumbe. Dagaa si kiumbe? Amepunguza walaji, amepunguza na chakula. Hesabu ni ileile."

Nikamwuliza, "Sasa babu, kumbe anataka nini?"

"Mjukuu wangu, mtu anayepiga hesabu mbovu namna ile na kukataa kusahihishwa, hesabu hiyo haikuwa shida yake. Alitaka kuwa yeye ndiye anayekata."

Mzee huyo hajui Kiingereza. Alipata yote hayo kutoka kwa sauti ya mtu mmoja kwenye sabufa. Leteni hoja yenu kwamba mtafsiri anaharibu filamu, muiweke kando ya mazungumzo hayo, tuone ipi inasimama.

Ndiyo, mtafsiri hukosea, na mimi nina ugomvi naye pia. Wako wanaomgeuza kila mwanamke kwenye kioo kuwa kahaba au mchawi, hata awe jenerali wa jeshi. Wako wanaotia mzaha mahali ambapo filamu imenyamaza kwa makusudi. Lakini huo ni ugomvi unaofanywa na msanii, kama ninavyogombana na mwandishi wa riwaya kwa sura mbaya. Hatusemi riwaya zifutwe. Tunasema aandike vizuri zaidi.

Hoja ya pili ni ya heshima ya lugha: kwamba filamu kubwa za dunia ziachwe na lugha zao, Kiswahili kisijipachike. Anayesema hivi hajui kwamba Kiswahili kilishapachikwa, na si kwa mikono yetu. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, na ofisa wa mawasiliano wa chombo hicho cha anga, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, aliitwa Uhura. Ni uhuru iliyobadilishwa herufi ya mwisho ili isikike ya kike, kana kwamba Kiswahili hutenganisha dume na jike kwa irabu. Katika kipindi cha kwanza kurushwa hewani, kiumbe anayefyonza chumvi ya miili ya watu anajigeuza mwanamume Mweusi na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili. Yaani maneno yetu ya kwanza angani yalitoka kinywani mwa jini akitafuta mtu wa kumla.

Halafu mwaka 1983 ikaja Return of the Jedi. Katika vita vya mwisho, Lando anarusha chombo chake, na pembeni yake amekaa rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb, mwenye masikio makubwa na mashavu yaliyolegea. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, na miongoni mwa maneno yake kuna Kikuyu kinachoeleweka. Chini hakuna maandishi. Lando anaitikia kama anayeelewa, lakini mtazamaji wa Chicago hakutarajiwa kuelewa kitu. Alitarajiwa kusikia mnyama wa sayari ya mbali. Watazamaji wa Kenya walimwelewa rubani kabla ya Lando.

Mimi naipenda filamu hiyo, na kila nikifika sehemu hiyo hucheka, lakini ni kicheko chenye mchanga. Lugha ya mamilioni ya wakulima, wauzaji na walimu imetumika kama mlio. Nyuma ya ukuta wa mabanzi, Kiingereza kilikuwa hivyohivyo kwetu: mlio wa viumbe wa mbali, bila maandishi chini. Hollywood iliifanya lugha yetu kuwa kelele, na mtafsiri anaichukua kelele ya Hollywood na kuifanya maneno. Kazi yake ni kinyume kabisa cha ile ya 1983, na kati ya hizo mbili, hiyo yake ndiyo tunaambiwa tuionee aibu.

Black Panther ya 2018 ilijaribu kurekebisha. Watu wa Wakanda wanazungumza Kixhosa, lugha halisi, ya mzee John Kani aliyeigiza mfalme T'Chaka. Heko. Lakini baada ya sentensi chache wote wanarudi kwenye Kiingereza chenye lafudhi. Nasi wenyewe hatuna la kujivunia sana. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, ni filamu fupi ya Kikenya ya wakati ujao ambayo ningemshauri kila mtu aione. Jina ni la Kiswahili, wahusika wanaongea Kiingereza. Mwaka 2023 Disney ikatoa Kizazi Moto, katuni 10 fupi za kubuni kutoka nchi 6 za Afrika, nyingine nzuri sana. Jina tena la Kiswahili, na mazungumzo kwa sehemu kubwa Kiingereza. Kiswahili kimekuwa kama mlinzi wa getini: anasalimia vizuri kila anayeingia, ila sebuleni haketi.

Kuna jambo zito zaidi ya jina. Filamu za anga zinahusu mambo tunayoyajua kwa mwili, lakini zinayatazama kutoka kwenye meli. Nenda Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay kwenye mwambao huohuo. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba unaofanana na lile sanamu la Misri. Tarehe 13 Agosti 1914, nahodha Rhoades alivuka ziwa kutoka Nyasaland na meli yake Gwendolen, akaipiga mizinga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye, na hakuwa na habari kwamba huko Ulaya vita vimeanza. Magazeti ya London yalitangaza ushindi wa majini. Kisa hicho husimuliwa mpaka leo kama kichekesho cha manahodha wawili. Ni filamu ya anga kamili: himaya mbili, meli mbili, urafiki uliovunjika. Watu wa Liuli waliokuwa ufukweni asubuhi hiyo hawana mstari hata mmoja wa kusema. Wao ndio sayari.

Au chukua wale Ewok wa Return of the Jedi, wenyeji wa msituni wanaowashinda askari wa himaya kwa mawe, magogo na kamba. Mashabiki duniani kote huwacheka, wanasema haiwezekani, wanasema ni vidoli vya kuuzia watoto. Mtu wa Mkoa wa Ruvuma hacheki haraka hivyo. Kati ya 1905 na 1907 watu wa kusini walisimama dhidi ya bunduki za Wajerumani katika Vita vya Majimaji, na tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Kingoni walinyongwa Songea. Tunaikumbuka tarehe hiyo kila mwaka. Mtafsiri mmoja niliyemsikia, alipofika kwenye ushindi wa Ewok, aliacha kutafsiri kabisa. Alisema tu: "Hawa wameandikiwa washinde." Basi. Sijasoma makala yoyote kuhusu Star Wars yenye sentensi nzito kama hiyo, wala haikuwa kwenye filamu. Aliileta yeye.

Vivyo hivyo kwa ile sehemu bora ya Black Panther, Killmonger akiwa kwenye jumba la makumbusho London akimwuliza mhifadhi vitu vile vilipatikanaje. Kwa Kiingereza inapita mbio, watu wanasubiri bunduki. Lakini sisi ni watu ambao mwaka 2023, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea kuomba msamaha, huku wazao wa Chifu Songea Mbano wakiwa bado wanalitafuta fuvu lake. Sehemu hiyo ikisemwa kwa Kiswahili mbele ya watu hawa, inaacha kuwa utangulizi wa wizi wa kwenye sinema. Inakuwa kesi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: kwamba mtafsiri ni mwizi. Hapa sitazunguka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuitafsiri au kuruhusu itafsiriwe. Mtafsiri wa kibandani hana ruhusa hiyo, na mwenye kibanda hajalipa. Mwaka 2017 wasanii wa filamu za Kibongo waliandamana Kariakoo wakipinga filamu za nje zinazouzwa kiholela, na njaa yao ilikuwa ya kweli: flashi yenye muvi kumi za Marekani inauzwa bei ambayo msanii wa Tanzania hawezi kushindana nayo.

Lakini tuulize nani mwingine amechukua nini. Tangu 2003, maneno "hakuna matata" ni alama ya biashara ya Disney iliyosajiliwa Marekani kwa ajili ya nguo. Maneno mawili ambayo mama yangu huyasema akimwaga chai. Disney hiyohiyo ndiyo mwenye Marvel na mwenye Star Wars. Kampuni inayoweza kusajili maneno yetu inashindwaje kuajiri vinywa vyetu? Na isiseme soko ni dogo. Endgame ilipotoka mwaka 2019, India iliipata kwa Kihindi, Kitamil na Kitelugu. Star Wars ya kwanza, ya 1977, ilitolewa mwaka 2013 kwa lugha ya Wanavajo wa Marekani, ambao wasemaji wake hawafiki 200,000, na mwaka 2024 ikatolewa kwa lugha ya Waojibwe. Siwaonei gere. Nilifurahi, kwa sababu lugha hizo zilikaribia kuuawa na sera za serikali. Ila Kiswahili kinakadiriwa kuwa na wasemaji zaidi ya 200,000,000, na UNESCO imekitengea siku yake, 7 Julai. Lugha yenye siku ya dunia haina Luke Skywalker rasmi hata mmoja.

Aliyeijaza nafasi hiyo ni mtu mmoja, ndani ya chumba kilichotandikwa magodoro ukutani ili kuzuia mwangwi, bila mkataba, bila bima, na bila jina lake kwenye orodha inayopanda mwishoni. Kumwita mwizi ni rahisi. Ni vigumu zaidi kueleza kwa nini kwa miaka mingi hakuna aliyempa mlango halali wa kupitia.

Kwa hiyo ninataka mambo matatu, na si makubwa. Bodi ya Filamu na wenye hakimiliki watengeneze leseni ambayo mtafsiri mmoja mwenye kompyuta moja anaweza kuimudu, yenye sehemu ya kiingilio kwenda kwa mwenye filamu na sehemu kwenda kwenye mfuko wa filamu zetu wenyewe, ili msanii wa Kibongo asibaki akilipia shangwe ya wengine. Studio zinazotafuta Kiswahili kwa ajili ya majina ya filamu zitafute pia watu wa kukizungumza kutoka dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na zianzie kwa wale wanaoijua kazi, waliojaza vibanda. Idara zetu za Kiswahili na za sanaa za maonyesho zizirekodi sauti hizi kabla flashi hazijafutwa. Tunazihifadhi tenzi kwa sababu mtu alihangaika kuziandika. Hawa nao ni watambaji, na wanatamba kila usiku wa mwezi mpevu.

Kwa shabiki mwenzangu wa foleni ya usiku wa kwanza sina sheria, nina ombi. Tafuta filamu unayoipenda kuliko zote, ile ambayo umeikariri, uitafute iliyotafsiriwa, uisikilize hadi mwisho bila kudharau. Utakasirika mara mbili tatu. Utacheka mahali usipopangiwa kucheka. Na kuna mahali fulani, labda kwenye neno dogo kama baba mkubwa, utagundua kwamba hukuwahi kuielewa filamu hiyo yote. Ukishafika hapo, njoo tubishane kuhusu Infinity War na Endgame. Kabla ya hapo, ukiniambia wewe ni shabiki wa kweli na huangalii zilizotafsiriwa, nitakuuliza jambo moja tu: yule rubani wa pembeni ya Lando alikuwa anasema nini?